UZI: Watu wasiojuana, chumba kimoja, hakuna pa kutokea. Tujenge seti yenyewe hapa Kampala

#1 FundiSeti (Ndeeba)

Wakubwa, swali limekuwa wimbo humu ndani: "Nina kamera ya kuazima na waigizaji saba, nataka filamu ya kutisha yenye sayansi ndani yake, nianzie wapi?" Anzia kwa seremala. Kamera itakuja.

Aina hii mnaijua. Watu wasiojuana wanazinduka mahali wasipopajua, mlango umegoma, na mahali penyewe pana kanuni inayoua. Inawafaa wenye mifuko mitupu kwa sababu ukuta mmoja unapigwa picha mara arobaini na mtazamaji anahesabu kuta arobaini. Darasa lake ni filamu ya Cube ya Mkanada Vincenzo Natali, 1997. Ukiitazama unaapa kuna vyumba mamia. Kilichojengwa ni chumba kimoja cha futi 14 kila upande, na kipande cha chumba cha pili cha kuonekana mlangoni. Mlango ulioweza kubeba uzito wa mtu ulikuwa mmoja tu. Vyumba "vilibadilika" kwa kubadilisha paneli za rangi, na kwa kuwa kazi hiyo ilikula muda, hawakufuata mtiririko wa hadithi. Walimaliza matukio yote ya rangi moja ndipo wakagusa rangi nyingine.

Sasa vipimo vya kwetu. Futi 14 ni hasara, maana plaiwudi inauzwa futi 8 kwa 4. Jenga futi 12 kwa 12, kimo futi 8. Kila ukuta ni shiti tatu zilizosimamishwa, hukati kitu. Hesabu:

Kuta nne, shiti 12 za milimita 9. Sakafu, shiti 5 za milimita 18 (inataka nne na nusu, ile nusu inayobaki ndiyo mlango). Kipande cha chumba cha pili, shiti 2 za milimita 9. Jumla 19. Dari usiweke plaiwudi, tandika marikani nyeupe juu ya fremu, itapitisha mwanga na hewa.

Kila paneli ya ukuta ina fremu ya mbao 2 kwa 2: mzunguko futi 24, na vipande viwili vya katikati futi 8, jumla futi 32. Paneli 14 ni futi 448. Ongeza sehemu ya kumi ya hasara ya kukata, agiza futi 490 hivi. Paneli zisipigiliwe misumari kwa kila mmoja. Zifungwe kwa bolti za milimita 10 zenye nati za masikio, zile unazokaza kwa mkono. Viungo ni 12, bolti tatu kila kiungo, yaani 36. Nunua 45, zinapotea.

Kwa nini bolti? Kwa sababu lazima ukuta mmoja utoke ili kamera irudi nyuma. Paneli moja na fremu yake inakaribia kilo 28, ukuta mzima ni kilo 80 na kitu. Hiyo ni kazi ya watu wanne na dakika kama arobaini, kuutoa, kusogeza taa na kuurudisha. Kumbuka hizo dakika arobaini, tutazirudia.

Mlango: mraba wa futi 3, katikati ya ukuta, sentimita 60 kutoka sakafuni ili mtu aingie kwa kujipinda. Mtu akipita wima amepita chumbani, akipita kwa kutambaa amepita mtegoni. Fremu yake ifanywe ya chuma, mafundi wa Katwe wanachomelea pembe-chuma ya inchi moja na nusu wakiwa wamefumba macho. Wapelekee mchoro wenye vipimo vya milimita, usiwapelekee maelezo ya mdomo. Milango mingine mitatu ni picha ya mlango: plaiwudi, rangi ya fedha, na vichwa vya bolti vilivyogandishwa kwa gundi. Mlango wa darini nao ni huohuo wa ukutani, kamera ikilazwa ubavu, ilimradi unaonyesha mikono tu.

#2 OkelloB (Gulu)

Shukrani mkuu. Weka na bei basi, tujue tunakopa ngapi.

#3 FundiSeti (Ndeeba)

Bei sitaki, ndugu. Ya leo Ndeeba si ya Ijumaa, na ya Gulu ina nauli ya lori juu yake. Chukua idadi hizo, piga simu duka tatu.

#4 Kandili (Arua)

Nimeona FundiSeti ameishia kwenye mbao. Taa ndizo zinazojenga chumba cha pili hadi cha arobaini, kwa hiyo niendelee.

Kila paneli isiyo na mlango ikatwe madirisha mawili ya futi 3 kwa 3. Juu ya dirisha unavuta turubai ya matangazo, ile nyeupe inayopitisha mwanga kutoka nyuma. Wachapishaji wa Nasser Road wanayo. Chora ruwaza moja tu ya mistari kama saketi ya redio, ichapwe mara 16, na uombe isiyong'aa. Inayong'aa itaonyesha kamera na mshika maiki kwenye kila kona.

Nyuma ya turubai, utepe wa LED wa RGB (nyekundu, kijani, bluu), ule wa volti 12 wenye taa 60 kwa mita. Ukiwashwa rangi zote tatu unakula wati 14.4 kwa mita, roli ya mita 5 ni wati 72, yaani ampea 6. Roli moja inatosha paneli moja (mita mbili na nusu kwa dirisha). Uweke sentimita 30 nyuma ya turubai. Ukiubandika karibu utaona vidoti vyake, na mtazamaji ataona duka la simu badala ya mtambo wa siri.

Usiwashe kuta nne. Kamera inaona mbili tu kwa wakati mmoja. Paneli 4, roli 4, ampea 24 katika hali mbaya kabisa ya nyeupe. Tumia transfoma mbili za ampea 30, kila moja ibebe 12, zisichemke. Kila roli iwe na waya wake wa milimita moja na nusu na fyuzi ya ampea 10. Ndani kuna mbao kavu, turubai na marikani. Waya mmoja mwembamba wa kubeba roli zote ukichemka, filamu itakuwa ya kutisha kweli.

Roli ipewe umeme kutoka ncha zote mbili, la sivyo mwisho wake utafifia na nyeupe itageuka nyekundu-nyekundu.

Sasa jambo ambalo wengi hukwama: mistari myeusi inayopanda na kushuka kwenye picha. Ina vyanzo viwili. Cha kwanza ni umeme wetu wa hezi 50, balbu nyingi za bei ndogo humeta mara 100 kwa sekunde. Simu ikiachiwa ijiamulie huenda fremu (picha) 30 kwa sekunde na shata (muda wa kila picha) 1/60, hapo ndipo mistari inapozaliwa. Funga fremu 25, shata 1/50. Cha pili ni kidhibiti cha utepe chenyewe. Hakipunguzi mwanga, kinawasha na kuzima taa upesi upesi ili jicho lidanganyike. Jicho litadanganyika, kamera haidanganyiki. Dawa: tumia rangi zinazopatikana bila kufifisha kitu. Nyekundu, kijani, bluu, njano (nyekundu na kijani pamoja), zambarau (nyekundu na bluu), samawati (kijani na bluu), nyeupe. Vyumba saba, hakuna mistari. Ukitaka rangi ya chungwa, jiandae kulia.

#5 Nakku_D (Mukono)

Simu yangu nikiingia chumba chekundu inageuza kila kitu kuwa kama kijivu. Tatizo ni utepe?

#6 Kandili (Arua)

Hapana dada, simu inajaribu kukusaidia. Inaona nyekundu nyingi inadhani ni kosa, inaisahihisha. Funga mizani ya nyeupe kwenye Kelvin 5000 na usiiguse vyumba vyote saba. Halafu shusha mwanga wa picha mpaka mikunjo ya shati ionekane. Nyekundu ikizidi, uso unakuwa bamba moja lisilo na pua.

Na ngozi zetu: bluu inazimeza. Watu huongeza taa ya mbele, inakuwa mbaya zaidi. Ngozi nyeusi inapendeza kwa kuakisi, siyo kwa kumwagiwa mwanga. Weka chanzo kipana pembeni (dirisha lenyewe la ukutani linatosha), na upake shavu gliserini kidogo. Ukingo wa uso utajichora. Juu ya marikani ya dari weka balbu moja nyeupe dhaifu ili macho yawe na nukta ya uhai.

#7 Hariri_Mbale

Nimesoma kwa heshima zote lakini kuna kitu hakikai sawa. FundiSeti amefundisha ratiba ya 1997, Kandili amefundisha taa za leo, na hakuna aliyeona kwamba la pili limeua la kwanza.

Walipanga kwa rangi kwa sababu rangi ilikuwa kitu kigumu kubadilisha. Kwa utepe wa RGB rangi inabadilika kwa kubonyeza. Kwa nini basi uharibu mtiririko wa hadithi kwa ajili ya kitu cha sekunde mbili? Ukipiga kwa mpangilio wa hadithi, jasho linaongezeka lenyewe, ndevu zinaota zenyewe, nguo zinachakaa zenyewe, sauti za waigizaji zinakwaruza zenyewe. Ukipiga kwa rangi, vyote hivyo ni kazi ya mtu mwenye daftari, na mtu huyo kwenye bajeti zetu ndiye huyohuyo anayepika chai.

#8 FundiSeti (Ndeeba)

Mhariri umenikamata, lakini nusu. Rangi ni sekunde mbili, sawa. Ukuta ni dakika arobaini. Ukifuata hadithi neno kwa neno utatoa na kurudisha ukuta mara sita kwa siku, hizo ni saa nne za kubeba mbao.

#9 Hariri_Mbale

Basi panga kwa ukuta. Kila siku ukuta mmoja uwe nje, na ndani ya siku hiyo fuata hadithi. Andika skripti kwenye kadi, kila kadi iwe na herufi ya ukuta unaotakiwa kutoka: A, B, C, D. Vyumba vyote vinafanana, kwa hiyo matukio mengi yanaweza kugeuzwa yatazame upande unaokufaa. Mara nyingi B na D zinafutika kabisa, unabaki na A na C. Siku tano hadithi tangu mwanzo mpaka katikati, ukuta A nje, nusu siku ya kuhamisha, siku tano ukuta C nje. Siku ya mwisho ni viganja, vitasa, macho na miguu.

Kurasa 80 kwa siku 10 ni kurasa 8 kwa siku. Mtaani haiwezekani. Chumbani inawezekana kwa sababu huhami, huombi ruhusa ya mtu, na jua halizami.

Hata hivyo daftari la mwendelezo liwepo. Kila tukio namba tatu: jasho 0 hadi 3, damu 0 hadi 4, nguo 1 hadi 3. Nguo namba 1 ni nzima, 2 imechanika, 3 ni tambara. Watu 7 mara 3 ni ovaroli 21. Hapa soko la Owino halikusaidii, mitumba haina pacha, shati ukilichana limekwisha. Nunua kitambaa cha aina moja, mpe fundi cherehani mmoja ashone zote zifanane. Halafu wanaume wote wanyoe kila asubuhi, au asinyoe hata mmoja tangu siku ya kwanza. Kuchanganya ni kosa linaloonekana mpaka kwenye simu ya inchi tano.

Na mwelekeo: wakitoka chumba kimoja kwenda kingine, kila mara waingie kutoka kushoto kwenda kulia. Kuta zikifanana, mtazamaji hana mti wala duka la kumwongoza. Siku wakianza kurudi walikotoka, waende kulia kwenda kushoto, atahisi kurudi bila kuambiwa. Rangi ya chumba cha pili lazima imwagike kwenye uso wa anayechungulia, hiyo ndiyo kazi ya zile shiti mbili za ziada. Pasipo hilo, mlango unaonekana kabati.

#10 mzee_wa_kontena (Jinja)

Mnajisumbua na mbao. Kontena la futi 20 lipo, chuma halisi, mlango halisi.

#11 FundiSeti (Ndeeba)

Mzee wangu, heshima yako. Ndani kontena la futi 20 ni mita 5.9 kwa 2.35, kimo 2.39. Lenzi ya kawaida ya simu ukiibandika ukutani inaona upana wa mita 3 hivi upande wa pili, na aliye karibu pua inavimba kama ndizi bogoya. Ukuta hautoki. Halafu joto: mtu mmoja aliyetulia anatoa kama wati 100. Weka saba na watu watatu wa kazi, hiyo ni kilowati moja kabla ya taa, ndani ya sanduku la chuma juani. Na sauti inagonga kama sufuria.

Linafaa kwa hadithi ya kontena. Watu wamefungiwa, wanasafirishwa, hawajui wanapelekwa wapi. Hilo andika, na upige usiku. Kwa vyumba vingi, hapana.

Hata chumba cha plaiwudi kinachemka. Acha pengo la inchi sita juu ya ukuta ambao kamera haiuoni, feni iwe hapo, izimwe wakati wa teki (kamera inaporekodi) tu. Kila dakika arobaini watu watoke wanywe maji.

#12 Nakku_D (Mukono)

Na asiye na pesa ya hata hizo shiti 19?

#13 Hariri_Mbale

Atumie nyumba. Filamu ya Coherence ya 2013, ya James Ward Byrkit, ilipigwa nyumbani kwa mwongozaji mwenyewe kwa usiku tano, watu wanane mezani, na badala ya skripti kamili kila mwigizaji alipewa karatasi yake ya siku bila kujua za wenzake. Mshangao ule wa usoni haukuigizwa. Lakini njia hiyo inadai waigizaji wanaojua kusikilizana. Kwa waliozoea kukariri na kupokezana mistari, nunua plaiwudi.

#14 Mtunzi_Koboko

Mmejenga, mmewasha, mmepanga. Hao waliofungiwa wanasemaje?

Kanuni kwanza. Chumba kiwe na kanuni moja inayosemeka kwa sentensi moja, na mtazamaji aweze kuitumia mwenyewe kubashiri kifo kimoja kabla hakijatokea. Kanuni ipitie hatua tatu: wanaigundua (mtu wa kwanza amekufa, ukurasa wa 10 hivi), wanaitumia (wanavuka vyumba, wanaanza kujivuna), kisha mmoja anaitumia dhidi ya mwenzake. Ukiweka kanuni ya pili ukurasa wa 60 kwa sababu umekwama, watu watazima simu. Na siri ya kazi: anayekufa kwanza awe yule mwigizaji mwenye siku chache za kupatikana.

Sasa kitu ambacho sisi tunacho na hao wa ng'ambo hawakuwa nacho. Lugha. Watu saba wa Uganda wakizinduka gizani, la kwanza si "tuko wapi". La kwanza ni kusikiliza mwenzako anatoa lugha gani. Yule wa Masaka atamwita mzee "ssebo" hata mtego ukiwa shingoni. Wa kwanza kuzungumza Kiswahili, wenzake watageuka kumtazama: huyu mwanajeshi? polisi? Lugha hii Kampala imebeba kivuli cha kambi tangu enzi za mkoloni, na miaka ya Amin haikuisaidia. Lakini kwa mtu wa Koboko au Arua ni lugha ya soko tu, ya kununulia mihogo. Hapo una shaka, una kundi, una mtu anayetengwa, na hujatumia shilingi.

Nenda mbali zaidi: saa. Mtego una saa ya ukutani ya mikono, mkono mfupi uko kwenye 7. Aliyezoea Kiingereza anaona saba na kuisoma hivyo, alfajiri imekwisha. Anayehesabu kwa Kiswahili au Kiganda anajua mkono ukiwa kwenye 7 ni saa moja. Mmoja amesikia kipaza sauti kikisema mlango utafungwa "saa saba", akangoja mkono ufike kwenye 7. Mwenzake aliyenyamaza kwa woga alijua ni kwenye 1. Tofauti ya saa sita, na mtu amebaki upande usiofaa. Huwezi kutafsiri kifo hicho kikaeleweka London, na ndiyo raha yake.

#15 OkelloB (Gulu)

Hiyo ya saa naiba, nisamehe mapema.

#16 Mtunzi_Koboko

Chukua. Ila waonyeshe wanabishana juu ya saa za teksi au za kanisa mapema, ukurasa wa 15, iwe mzaha. La sivyo itaonekana umeivuta mfukoni.

#17 DamuNaGliserini (Entebbe)

Damu, maana nimeona watu bado wanataja ya ng'ombe. Acheni. Baada ya saa mbili inanuka, inaganda, na inaleta magonjwa. Kwa damu ya kupasuka wale watengeneza filamu wa Wakaliga, Kampala, walishaonyesha dunia: kondomu yenye maji ya rangi ya chakula, uzi wa kuvuta, basi.

Ya kupaka: sukari nusu kilo, maji robo lita, chemsha dakika tano, ipoe. Koroga kijiko kikubwa cha unga laini wa mahindi kwenye maji baridi, changanya, rudisha motoni ipate uzito. Rangi nyekundu ya chakula vijiko viwili vikubwa, kakao kijiko kidogo. Kakao ndiyo inayoondoa ule mng'ao wa sharubati. Matone mawili ya bluu kama inaelekea upinki. Kwa ya nguoni ongeza kijiko cha sabuni ya maji, itafulika. Ya mdomoni isiwe na sabuni.

Tatizo la sukari ni sisimizi. Ukiacha ovaroli namba 3 sakafuni usiku mmoja, asubuhi ni kichuguu. Mchana nyuki. Ama zitundike kwa kamba, ama tumia gliserini badala ya sharubati, ghali kidogo ila haivuti wadudu kama sukari. Gliserini na maji nusu kwa nusu ndilo jasho lako pia, halikauki chini ya taa kama maji.

Sasa rudini kwa Kandili. Kwenye chumba chekundu damu nyekundu HAIONEKANI. Ngozi, shati jeupe na damu vyote vinarudisha nyekundu ileile, jeraha linakuwa kama maji. Chumba hicho kinataka damu ya kahawia iliyokolea, kakao vijiko vitatu vikubwa na bluu ya kutosha. Kwenye kijani na bluu, damu ya kawaida inageuka nyeusi, inapendeza mno. Kwa hiyo andika kwenye daftari la mhariri: ndoo ya 1 na ndoo ya 2. Mtu akivuka kutoka kijani kuingia nyekundu akiwa na jeraha lilelile, anafutwa ndoo ya 1 anapakwa ya 2.

#18 sautiJinja

Mabati. Hakuna godoro duniani linalozuia mvua ya mabati isiingie kwenye maiki. Huku kusini mvua ni Machi hadi Mei, tena Septemba hadi Novemba, na hupenda mchana. Seti ikiwa kwenye ghala la mabati miezi hiyo, panga mazungumzo asubuhi, na mvua ikianza hamia kwenye yale matukio ya viganja na vitasa. Nyimbo za kanisa la jirani, adhana na boda zina saa zake, ziandike wiki nzima kabla ya kupanga ratiba.

Plaiwudi inavuma kama ngoma. Tundika blanketi nzito nyuma ya paneli na utandike zulia kuukuu chini ya sakafu. Miguu itanyamaza, na ndivyo unavyotaka, maana sakafu "ni ya chuma" na sauti ya chuma utaipachika baadaye: gonga pipa tupu la mafuta kwa kisigino, maiki nusu mita.

Rekodi sekunde 60 za kimya kwa kila siku, watu wote wakiwa ndani wamesimama. Kimya cha chumba chenye watu kumi si kimya cha chumba kitupu. Na ule mngurumo wa mtambo mnaoupenda, wa hezi 40, kwenye simu haupo kabisa. Juu yake ongeza sauti ileile iliyopandishwa, 120, 160, 200 na 240, sikio litaujaza uliopungua.

#19 Kibanda256

Nyote mnaandaa filamu ya kutazamwa na heshima. Kwenye kibanda cha video kuna VJ, yule anayetafsiri filamu kwa mdomo inapoonyeshwa. Kimya chako cha sekunde ishirini, kile cha kutisha, yeye atakijaza mzaha kwa Kiganda, na watu watacheka. Si kosa lake, ni kazi yake.

Fanya hivi. Mpe faili ya sauti isiyo na maneno, muziki na milio tu, asilazimike kushusha kila kitu ili asikike. Kaa naye, mtazame mara moja, umwombe mahali pawili tu asiseme. Pawili atakupa, kumi hakupi. Na mazungumzo yenu yapumue: watu wakirushiana maneno bila nafasi, VJ hapati pa kuingia, basi anaingia popote.

Picha nayo: kibanda hakina giza, jua linapenya kwenye matundu ya mabati na projekta imechoka. Kitu ulichokiacha karibu na weusi, pale ni weusi. Kabla ya kufunga kazi, itazame kwenye televisheni ya kawaida mchana, mapazia wazi. Usipoona nani kashika kisu, pandisha vivuli.

#20 Kandili (Arua)

Naunga mkono. Na umeme ukikatika katikati ya teki: betri moja ya volti 12 ya ampea-saa (Ah) 100, tumia nusu yake tu, inabeba paneli mbili za nyeupe kwa saa nne hivi. Nyekundu tupu inakula karibu theluthi ya hapo. Weka ukurasa mmoja wa "umeme wa mtambo umepungua" kwenye skripti, utakuokoa.

#21 Nakku_D (Mukono)

Swali la mwisho kwa FundiSeti. Fremu ya chuma imetoka Katwe, mlango wa plaiwudi ulipita vizuri jana. Leo baada ya mvua haufungi, umekwama sentimita mbili kabla ya mwisho. Nipige randa?

#22 FundiSeti (Ndeeba)

Usipige randa ukiwa na unyevu, dada, ukikauka utacheza. Plaiwudi imekunywa maji kwa kingo zake, hazikupakwa. Utoe kwenye bawaba, uulaze bapa juu ya mbao mbili ndani, siyo juani maana utapinda, siku mbili. Kisha pima pengo pande zote nne: unataka milimita 6. Pasipofika, hapo ndipo randa. Piga msasa, paka kingo vanishi mara tatu, kila mkono ukauke kabla ya unaofuata. Paneli za ukuta nazo, zile ncha za chini zinazogusa sakafu, uzipake leo hiihii.